Bahari Chini ya Mihogo

Miezi yote niliyokuwa nachumbia, mama wa mchumba wangu alinitazama machoni. Msomaji wa kwingine atasema heri yako. Kwetu Waluba hiyo ni balaa. Mama aliyekukubali hakutazami: akikuona njiani anaingia majanini, akiwa na neno anampa mtu mwingine akufikishie, na wewe vilevile unampisha na kumgeuzia mgongo. Ndiyo heshima ya ukwe. Huyu wangu alinisalimu uso kwa uso, akanipa kiti, akaniuliza habari za mjini kama anavyomuuliza muuza chumvi.

Baba wa binti alikuwa amekwisha kukubali. Mama hakuwa na haraka. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kamina mjini, Mprotestanti, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Wao walikuwa Wakatoliki, wakulima wa tangu na tangu. Bila neno lake hapakuwa na harusi, na mimi usingizi ulikuwa umenihama.

Likizo ya kiangazi akaja Mzungu wa mawe. Kazi yake ilikuwa kugonga miamba kwa nyundo na kuilamba. Ndiyo, kuilamba, ati rangi ionekane vizuri. Alitafuta mtu wa kumtafsiria Kifaransa, nikapatikana mimi. Tulizunguka vijijini na lori lake, na asubuhi tuliyoelekea kijito cha ukweni niliomba lori liharibike. Halikuharibika.

Kando ya kijito, ndani ya shamba la mama, palikuwa na mwamba wa kijivu uliojaa mafundo ya duara, tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu kilichokatwa. Mama alikuwa ameanika mihogo juu yake, kwa kuwa jiwe lile lilishika joto na mihogo ilikauka upesi. Mzungu alipoyaona mafundo alipiga magoti, akainua nyundo. Mama akaacha kugeuza mihogo, akasimama mbele yake, akasema hapana kugonga kitu mpaka aelezwe jiwe lake lina nini.

Hapo nikafanya ujinga. Niliwaza kwamba nikijiweka kama mkwe, atanichukua kama mkwe. Nikamgeuzia mgongo, nikaanza kutafsiri nimekabili kichuguu. Nikasikia kicheko nyuma yangu.

"Mwalimu, geuka huku. Nani alikuambia weye uko mukwe wangu? Minyi siyasema kitu."

Nikageuka, masikio yanawaka moto: kweli, yeye alikuwa hajasema neno. Mzungu akaniuliza kama nimeumwa na siafu.

Basi nikatafsiri nikimtazama. Mzungu alisema hapa tuliposimama palikuwa bahari, maji mafupi yenye joto. Samaki hawakuwapo, wala konokono, wala kitu chochote chenye mguu au jicho. Palikuwa na utelezi tu, ule ule unaotuangusha tukifua mtoni. Utelezi ule ulikuwa hai. Ulinasa mchanga, ukafunikwa, ukapanda juu kutafuta jua, ukanasa tena, miaka isiyohesabika, mpaka ukawa jiwe hili.

"Utelezi njo ilijenga hii yote?" mama aliuliza.

"Njo ile," nikasema, yaani ndio huo.

Akaligusa jiwe kwa kidole, akaniambia niendelee. Nikasahau harusi kabisa. Nilikuwa nimefundisha watoto kusoma neno bahari bila mimi kuijua, na kumbe nilikuwa naikanyaga. Mzungu akaeleza kwamba baadaye wakatokea wanyama wadogo wa kula utelezi, nao ukapungua. Wengine wakashika kazi ya kujenga. Waliodumu mpaka leo, katika bahari za joto, ni vijidudu laini vyenye mdomo mmoja, vinavyojijengea nyumba ya chokaa. Kwa Kifaransa aliviita korai, ndiyo matumbawe ya watu wa pwani. Nikasema wanajenga kama mchwa, mama akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Zaidi ya mara moja, Mzungu akasema, bahari iliharibika, wajenzi wakafa karibu wote, na mahali pao pakakaa bure muda mrefu kupita akili ya mtu. Kisha wengine wakaja.

"Bale balikuya, iko batoto ya bale ba kwanza?"

Mzungu alisema hapana, mara nyingi walikuwa wa ukoo mwingine kabisa.

"Na banajengaka tu pale pale, juu ya nyumba ya benyewe?"

Alisema ndiyo, mara nyingine, maana nyumba ya zamani ilikuwa imewainua karibu na jua, na chini ni giza. Mama akageuza vipande viwili vya mihogo visivyohitaji kugeuzwa.

"Mwalimu," akasema, "hii iko maji ya Noa?"

Jamani. Juu ya Noa na gharika yake, Wakatoliki na Waprotestanti hatukuwa na ugomvi hata kidogo. Neno moja, ndiyo, na ningekuwa mtu wa dini mbele yake, na mchungaji wangu angefurahi pia. Nilitamani sana kulisema. Nikamuuliza Mzungu, akajibu kwamba maji haya ni ya zamani mno, Noa hayumo.

"Anasema hapana, mama. Iko ya zamani kupita Noa. Minyi pia sikujuaka."

Alinikazia macho muda mrefu. Nikajua nimejichimbia shimo mwenyewe.

Akaokota mihogo yake kutoka pembeni ya mwamba, akamwonyesha Mzungu pale pa kugonga, pasipo na joto zuri. Kisha akavuta kitambaa cha kichwa mpaka machoni, akanipa mgongo, akamwambia Mzungu kwa Kiswahili, polepole, kama anayesema na mtoto:

"Bwana, ambia ule mwalimu, siku ya Mungu akuye na babaake. Minyi nitapika."

Mzungu, ambaye Kiswahili chake kilitosha kuomba maji tu, alitaabika kunitafsiria, akachanganya siku ya Mungu, yaani Jumapili, na Krismasi. Mama alikuwa ameacha njia, anapita katikati ya majani marefu na kikapu chake kichwani ili asinipite karibu.

"Lakini uko hapa hapa," Mzungu akaniambia kwa Kifaransa. "Kwa nini hakwambii mwenyewe? Umemkasirisha?"

 Nilikuwa nimekabili kichuguu, nafuta machozi kwa mkono wa shati.