Chola na Chora

Sisi Wakuria tukikutana na herufi l tunaipiga teke. Kwetu "lala" ni "rara", na mandazi laini ni mandazi "raini". Nimechekwa kwa hilo tangu nikiwa msichana, na mimi nikawa nacheka pamoja nao, mpaka ule mwaka niliofundisha Ndhiwa, kwa kabila jingine.

Mimi si mwalimu wa kusomea. Nilikuwa na kibanda cha chai na mandazi mjini Migori, watu wananijua, na mradi wa kusaidia akina mama ukaniita niwafundishe wanawake wasio na kitu kupika na kuuza. Kila mama aliyemaliza mafunzo alipewa jiko, karai, meza na gunia la kwanza la unga. Asipouza, vitu vinahamia kwa mwingine anayengoja. Masharti hayo sikuyatunga mimi. Kazi yangu ilikuwa unga na mdomo, na mdomo wangu hauna breki, mnisamehe mapema.

Kati ya wanafunzi wangu kulikuwa na mjane mmoja, mama wa watoto watatu. Mumewe alikuwa mvuvi kisiwani Remba, akaletwa nyumbani maiti, wakamzika mbele ya nyumba yake. Huyu mama alikuwa na mkono. Wengine niliwafokea juu ya maji, juu ya moto, juu ya kukata vipande visivyolingana. Yeye nilimwonyesha mara moja tu. Mandazi yake yalifura yakawa mepesi, ukiyabonyeza yanarudi, na mafuta hayabaki kidoleni. Nilimwonea wivu kidogo, nasema kweli.

Siku moja tukikanda unga aliniambia jambo lililokuwa moyoni mwake.

"Mwalimu, nikiuza, nitapanga chumba hapa sokoni na watoto wangu. Nisipouza, nitarithiwa."

Nikamuuliza kwani lazima? Akanieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mumewe alikuwa mtoto wa kwanza. Kwa desturi ya boma lao, wadogo zake hawawezi kupanda mbegu kabla ya nyumba ya mkubwa kupanda, na nyumba ya mjane haipandi mpaka mwanamume wa ukoo amrithi. Mwanamume alikuwa ameshachaguliwa. Alikuwa binamu wa marehemu, mtu mpole wa maneno, ambaye tayari alikuwa amezika wake wawili. Wote wawili walikonda, wakakonda, wakaisha. Hakuna aliyesema ni nini kiliwaua.

"Na mama mkwe wako anasema nini?"

"Anauliza watoto wa shemeji zangu watakula nini. Si mtu mbaya, mwalimu. Mvua ikija na mashamba yamelala, ni mimi nitalaumiwa." Akaukunja unga, akaupiga ngumi. "Mimi nataka kulea watoto wangu nikiwa hai. Ni hiyo tu."

Masika yalikuwa hayajafika, lakini mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa ziwa.

Siku yake ya kwanza sokoni nilisimama kando nikiwa na fahari ya mzazi. Meza safi, kitambaa cheupe, mandazi yamepangwa yanang'aa. Watu wakapita. Walimsalimu vizuri, wakamuuliza habari za watoto, halafu wakaenda kununua meza ya pili, kwa mama mmoja muuza chai ambaye mandazi yake, Mungu anisamehe, ungeweza kuezekea nyumba. Ikafika adhuhuri. Aliuza kwa wapita njia wawili na kwangu mimi.

Nikasema ni siku ya kwanza. Siku iliyofuata nikasema ni mahali, tukahamisha meza karibu na kinu cha kusagia mahindi. Halafu nikasema ni ladha, tukaongeza iliki. Nikasema ni ukubwa, tukakata makubwa. Mwishowe nikamwambia agawe bure waonje, maana biashara inataka mtu ajitolee kwanza. Walipokea wote. Walipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, wengine wakamwombea baraka. Nikafurahi nusura niimbe. Alasiri nilienda nyuma ya kinu kutafuta choo, nikayakuta yote mtaroni, hata jino halijagusa. Mbwa walikuwa wanachagua.

 Nikaenda moja kwa moja kwa yule muuza chai na kumuuliza, hapa kuna nini? Akatazama huku na huku, akainamia sufuria yake.

"Mandazi yake ni tamu, hatukatai," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini bado ako na chola."

Basi mimi Mkuria nikasikia "chora". Nikajua nimepata dawa. Kumbe watu wa hapa wanataka tangazo, wanataka kitu kimechorwa wakione. Sikuuliza zaidi. Nilimtafuta fundi wa kuandika mabango, akachora karai linalotoka mvuke, mandazi manene ya rangi ya dhahabu, na maandishi mekundu: MANDAZI LAINI, KARIBUNI WOTE. Hata hiyo l niliisimamia mwenyewe. Asubuhi nikalibeba bango mpaka kwenye meza, nikalisimamisha, nikamwambia yule mjane kwamba sasa tumejua ugonjwa, watu walikuwa wanasema kwako hakujachorwa.

"Nani alikuambia?"

Nikamwonyesha kwa macho yule muuza chai. "Amesema uko na chora, sijui huna chora."

Akalitazama bango. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akajifunika uso na leso, na mabega yakawa yanaruka. Nami nikacheka nikidhani ni furaha. Alipoitoa leso macho yalikuwa mekundu.

"Si chora, mwalimu. Chola. Ni huu msiba nilio nao. Mjane ambaye hajarithiwa bado ako na kifo mkononi. Haingii nyumba ya mtu, hampi mtu chakula. Ukila cha mkono wake unaweza kushikwa na chira, ukonde mpaka ufe."

"Na wewe ulijua hivyo siku zote tunahamisha meza?"

"Nilifikiri labda mandazi yakiwa mazuri sana, watasahau."

Hapo niliumia. Nimeumia mara nyingi maishani, lakini pale niliumia kama niliyekanyagwa. Watu wanaogopa kukonda kwa sababu ya andazi, na mtu aliyezika wake wawili waliokonda ndiye dawa wanayompa. Nililisema hilo kwa sauti, katikati ya soko, kwa Kiswahili changu kisicho na l. Watu walinisikiliza kwa heshima. Nikachukua andazi nikalila mbele yao, nikachukua la pili. Mzee mmoja akaniambia bila ubaya, "Wewe kula tu, mama. Wewe ni Mkuria, haikuhusu."

Nilienda kwa wanawake wa kanisa lake, wale wa Sabato, waliokuwa wamemwombea kwenye mazishi. Wakasema wao mambo ya chola hawayaamini hata kidogo, ni ya giza. Nikasema, vizuri, basi nunueni. Mmoja akashika tumbo. "Leo nimeshiba," akasema. Wengine nao wakawa wameshiba.

Tukajaribu mbali. Nilimpeleka Sori, ufuoni, ambako hakuna amjuaye, na wavuvi hutoka majini na njaa isiyouliza ukoo. Jamani, aliuza. Alirudi na karai tupu, anatembea kama msichana. Siku zikapita akiuza, na alianza hata kuulizia bei ya vyumba, si Ndhiwa tena, hukohuko Sori. Halafu asubuhi moja ikatia nanga mashua ya kutoka Remba. Kijana mmoja akashuka, akamwona, akavua kofia. Alikuwa amefanya kazi na marehemu. Akamshika mkono mbele ya wateja wote akamwambia, kwa moyo safi kabisa, "Shemeji, pole sana kwa msiba. Bado tunamlilia."

Waliokuwa wanangoja kwenye foleni wakakumbuka kazi nyingine. Nilitaka kumtukana yule kijana nikakosa tusi, maana alikuwa ametoa pole tu.

Mvua ya kwanza ilinyesha juma hilo, tumesharudi Ndhiwa. Ndhiwa nzima ilinuka udongo. Shemeji zake walikuja sokoni na majembe mabegani, hawakugombana naye, walisimama tu karibu na meza wakaangalia mawingu. Nilimwambia aje akae kwangu Migori. Akaniuliza, "Na watoto?" Boma lilikuwa limemwambia aende popote, ila watoto ni wa baba yao na watabaki.  Nilikuwa na hasira tu, na hasira haipangi chumba.

Hakuonekana sokoni tena juma hilo.

Aliporudi nilisikia habari kabla sijafika sokoni. Nikakuta umati kwenye meza yake. Alikuwa amenyolewa kichwa, kama anyolewavyo mjane aliyerithiwa, amevaa gauni jipya la kitenge, anahesabu chenji bila kuinua macho. Yule muuza chai mwenyewe alikuwa amenunua fungu, anakula amesimama, anasema kwa sauti kwamba soko hili halijawahi kuona mandazi kama haya. Wanawake wa kanisa walikuwa na njaa siku hiyo. Nyuma ya meza, kwenye benchi nililomletea mimi, alikuwa amekaa mwanamume mpole mwembamba, kopo la pesa liko katikati ya miguu yake.

Bosi wangu wa mradi alipita na wageni. Akalipiga picha lile bango, akanishika bega. "Naona uchoraji umesaidia," akasema.

Umati ulipoisha nilimvuta yule mama kando, nikamuuliza lile ambalo hata mdomo wangu uliogopa.

"Mlipimwa damu kwanza?"

"Nilimwomba. Alikataa." Akapangusa mikono kwenye gauni jipya. "Mashamba yote yamepandwa."

Alikuwa amenifichia andazi moja kwenye karatasi. Akaniwekea mkononi, akasimama akinitazama kama siku za mafunzo, akingoja nimwambie kama limeiva sawasawa. Nilitafuna.

"Sijabadilisha kitu, mwalimu," akasema. "Unga ni ule ule."