Mstari wa Mama Kimya

Kazini wanamwita Mama Kimya. Miaka kumi na tisa sasa anakaa chumba cha chini cha maabara, akilinda mwanga unaopita ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Ukikohoa tu, mwanga unashtuka na mstari unaoupima kwenye skrini unaruka. Mwenzake wa mwisho aliponzwa na mafua.

Leo alipanda ghorofani kuomba uhamisho kwa mara ya nne.

"Mama, nikikutoa wewe nimweke nani?" mkuu wa utafiti alimjibu. "Hawa wengine wanakaa kama wamekalia siafu."

Alirudi chini amefura kwa hasira, akaketi, akaukodolea macho mstari aone utakavyoruka. Ulikuwa umenyooka, kana kwamba chumbani hamna mtu.