Pango Nililolifagia

Taabu yangu ilianza nikiwa na miaka kumi na tisa, na siku hiyo nilikuwa nimevaa viatu. Usicheke, mwanangu. Mwanda nzima vijana wenye viatu tulikuwa watatu. Nilikuwa nimetoka kukata mkonge huko chini, nimeokoka, nasoma herufi kubwa bila kusaidiwa. Niliishia darasa la tatu na sijamwomba mtu msamaha kwa hilo.

Juu ya shamba letu palikuwa na pango. Zamani kwetu Wadawida, watu wa milimani, mzee akishazikwa na muda ukapita, kichwa chake kilifukuliwa kikawekwa huko juu ya jiwe, kwenye safu ya ukoo. Sisi tulikuwa nao wanane. Mimi niliona aibu. Mchungaji akipita atasema nini? Basi asubuhi moja nikapanda na gunia, nikawatia wote, nikawamwaga korongoni, nikafagia pango kwa tawi. Nikarudi nyumbani nikala viazi vizuri kabisa.

Babu yangu, aliyemzaa baba, hakujua. Miguu ilikuwa imemwacha, na macho yalikuwa njiani kumwacha.

Miezi michache baadaye wakaja wapima mashamba, na jirani wa ng'ambo ya kijito akadai mteremko wetu ni wake. Wazee wa baraza waliwauliza watu wa pande zote mbili maswali yaleyale matatu: nani alifyeka msitu hapa, maji mliyaleta kutoka wapi, na waliowatangulia wamelala wapi. Jirani akaonyesha mfereji wake, akaonyesha na pango lake. Ikafika zamu yetu. Babu akasema abebwe. Tukampandisha kwa kiti, binamu yangu mbele, mimi nyuma, na njia nzima akatutania kwamba tunahema kama punda wa sokoni Taveta. Nilikuwa na mdomo, sikuufungua.

Alipofikishwa alinyoosha mkono upande wa kushoto, ndiko safu ilikoanzia. "Huyu ni Mwakio," akasema, "ndiye aliyekuja kutoka Sagalla wakati wa njaa." Mkono ukatua juu ya jiwe tupu. Akausogeza. Jiwe. Akausogeza polepole mpaka mwisho wa safu. Mzee mmoja wa baraza akamwambia kwa upole kwamba wanamwamini, ila baraza linaandika kinachoonekana.

Nikasema ni mimi.

Hakunitukana. Aligeuza uso kule sauti yangu ilikotoka.

"Hukuniuliza hata jina la mmoja wao. Mmoja tu, kabla hujafunga gunia."

Korongoni mvua ilikuwa imeshachukua kila kitu. Mteremko ukaandikwa wa jirani. Babu alikufa kabla ya mahindi kukomaa, tukamzika kwenye shamba la kuazima. Wale wengine saba mpaka leo siwajui majina. Niliona aibu kumuuliza, halafu akawa hayupo.

Nikashuka Voi kutafuta riziki. Nilinunua mbuzi Kishushe, nikauza ndizi za Taveta, na kila nilipolala nilimuuliza mwenyeji yale maswali matatu. Taveta mzee mmoja alinipeleka mferejini, akanitajia zamu za maji, ukoo kwa ukoo, nikajua nani alitangulia kufika na nani alikuja akiomba. Kishushe mchungaji wa ng'ombe alinihesabia visima. Hakuna aliyenionyesha karatasi.

Juzi ulinisomea kazi yako ya chuo, kulinganisha Wadawida na Wataveta. Umeandika kwamba habari za Wataveta zimo vitabuni, ila watu wa milimani hawakuacha kumbukumbu. Nilinyamaza, ukadhani nimesinzia.

Sikiliza sasa. Shika yale mambo makubwa ambayo hakuna binadamu anayeyakwepa: ardhi, maji, njaa, ndoa, kifo. Kila jamii iulize swali lilelile, uone majibu yanakutana wapi na kuachana wapi. Usichukue maandishi ya hawa ukayapima na ukimya wa wale, ukasema umelinganisha. Asiye na karatasi, muulize kumbukumbu zake ameziweka wapi. Na mwenye karatasi, muulize pia imeacha nini nje. Ile ya baraza ipo ofisini, ina muhuri, na atakayeisoma ataamini ukoo wetu haukuwahi kuishi mteremkoni pale. Gunia langu halimo. Kwa hiyo rudia kazi yako. Panda Mwanda kabla wazee hawajaisha, kaa nao chini, uliza jina kwa jina.

Mungu akupe subira ya kusikiliza, mwanangu, na akujalie usije ukafika mahali umechelewa kama nilivyochelewa mimi.

Leo hapa Voi nina vyumba sita vya kupangisha, mashine ya kusaga, pikapu moja na mbuzi thelathini. Salaita nina ekari mbili. Mwanda sina kitu, hata pa kunizika.