Koti Lililojaribiwa na Rika Zima

Hilaria alikuwa na sheria moja mezani kwake, na haikuandikwa popote kwa sababu sauti yake ilitosha: ukijaribu, nunua. Ukishaivaa nguo, ukajitazama kwenye kioo chake, ukageuka mbele na nyuma, halafu ukasema "nitarudi", ulikuwa umemkosea. Nimeuza viatu vya mitumba kando yake sokoni Manundu, hapa Korogwe, kwa miaka kumi na minne, na nimeona watu wazima na heshima zao wakivuliwa shati mchana kweupe.

Mimi ni Matayo. Msinionee huruma kwa kukaa jirani naye. Nilimzoea, na viatu havina shida hiyo. Mguu unaingia au hauingii, basi.

Alizaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge kule Magoma. Babu yake alitoka Songea kuja kukata mkonge, akaoa Mzigua, akasahau kurudi. Mkonge ulipodorora, Hilaria alifanya kila kazi: akauza maandazi, akafua nguo za walimu, akapika kwa mama lishe. Kisha biashara ya nje ikafunguliwa, mabelo ya nguo za Ulaya yakaanza kushushwa kwenye malori, naye akauza mbuzi wake wote akanunua belo moja. Alipolifungua lilikuwa makoti matupu. Makoti ya sufu, marefu, mazito, hapa Korogwe na joto hili! Tulimcheka hadi machozi yakatutoka. Lakini wafugaji wa nyika za Handeni, wanaoamkia nje na ng'ombe, na watu wa baridi kule milimani Lutindi, walikuja wakayamaliza kwa siku mbili. Tangu hapo akawa mama wa makoti, na nadhani anayajua kuliko walioyashona.

Mwaka 2006, Mahakama Kuu ilipokuja kufanya vikao vyake hapa, Hilaria aliitwa kuwa mzee wa baraza. Hao ni raia watatu wanaokaa karibu na jaji kwenye kesi ya mauaji; wanasikiliza, wanaruhusiwa kuuliza maswali, na mwisho kila mmoja anasema anavyoona. Mimi nimefika kidato cha pili, nasoma gazeti kila siku hata likiwa la juzi, na sikuitwa. Sitaficha: niliona wivu. Nilimwambia, "Dada Hilaria, jaji akijaribu kiti chako, utamlazimisha akinunue?" Alinirushia henga ya kutundikia makoti.

Kesi yenyewe tuliijua. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi alikutwa amechomwa kisu kwenye shamba la muhogo, nje kidogo ya Mkata. Hatua chache kutoka pale liliachwa koti refu la kijivu, mkono mmoja umelowa damu. Shahidi mmoja, mwanamke mwaminifu asiye na ugomvi na mtu, alisema alimwona kijana wa Kimaasai aitwaye Kaika amelivaa koti lile lile mnadani Mkata, wiki moja kabla ya mauaji. Kaika akakamatwa. Alisema alilijaribu tu mnadani, bei ikamshinda, akalirudisha. Nani angemwamini, hata na wenzake waliomtetea? Kila anayekamatwa ana lake la kusema. Alikaa mahabusu miaka miwili, na adhabu ya kosa lile sote tuliijua: kitanzi.

Siku alipokuja mtaalamu, nusu ya soko tulifunga biashara tukajazana kwenye mabenchi ya mahakama. Ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kusikia habari za vinasaba. Mtaalamu alikuwa mwanamke kijana kutoka maabara ya Serikali Dar es Salaam, jina lake Edna, ana miwani na sauti ya taratibu. Alieleza kwamba mtu huacha chembe zake ndogo kwenye jasho, mate na damu, na chembe hizo zina mpangilio wake ambao huwezi kuukuta kwa mwingine, isipokuwa pacha wake wa kufanana. Alisema damu ya kwenye mkono wa koti ni ya marehemu. Akasema kwenye kola kulikuwa na jasho, na ndani ya jasho lile alikuta vinasaba vya mshtakiwa Kaika.

Wakili wa Serikali akaketi kama mtu aliyemaliza kula. Mimi nilimgeukia jirani yangu nikamwambia, "Imekwisha. Mashine haina undugu na mtu." Nayasema haya kwa aibu, lakini ndivyo nilivyosema. Jaji akaahirisha hadi kesho yake asubuhi, ambapo wazee wa baraza wangeuliza maswali yao.

Nje, kwenye nyasi, alikuwa ameketi mama yake Kaika. Anaitwa Simaloi, na Kiswahili chake ni cha kuuzia maziwa. Alikuja kila siku, hakuingia ndani hata mara moja, kwa sababu alisema akimwona mwanawe ndani ya kile kizimba atapiga kelele. Alinishika shati.

"Baba, huyo mtu wa Dar amemwona mwanangu akiua?"

"Hapana, mama. Ameona jasho lake."

"Ameliona kwa macho?"

"Kwa mashine."

"Jasho la mwanangu mimi nalijua tangu mgongoni kwangu," alisema. "Halina damu ya mtu." Nilimnunulia chai, akaishika bila kunywa mpaka ikapoa.

Alasiri ile Hilaria alirudi mezani kwake kama kawaida. Nilimchokoza aseme anaonaje. Akanikata: jaji amewakataza kuizungumzia kesi nje, na nikiuliza tena atanishtaki. Basi nikaendelea kupiga viatu rangi. Akaja Amne, mwalimu wa shule ya msingi, akachukua koti la kijani, akalivaa juu ya gauni lake, akajitazama, akazunguka, jasho linamtiririka shingoni kwa jua lile. Halafu akasema neno lenyewe: "Nitarudi, Mama Hilaria."

Nilijiandaa kufurahia. Hilaria alilipokea koti, akasahau kugomba. Alisimama ameishika kola ile kwa vidole viwili, akiinusa, akiitazama. Amne akaondoka salama, tena polepole, maana hata yeye alishangaa. Hilaria akakaa chini. "Kaka Matayo," aliniuliza, "wewe umeshawaona Wamaasai wakinunua koti?"

"Nani hajawaona? Wanakuja rika zima."

"Basi nyamaza," alisema, ingawa yeye ndiye aliyeuliza.

Kama hujawahi kuuza kwenye minada ya Handeni, kama huo wa Mkata tunaokwenda sisi, nikueleze. Morani haji kununua koti peke yake. Anakuja na wenzake wa rika, sita, saba, wanane. Wa kwanza anavaa, wenzake wanamzunguka na kutoa maoni. Anavua, anampa wa pili, naye anavaa. Koti linapita kwa wote, maana kwao kitu cha mmoja hakiko mbali na mwenzake. Mwisho wananunua moja au wanaondoka wakicheka, na muuzaji anabaki na koti lenye joto la watu wanane. Hilaria aliwachukia kwa hilo, nao walimpenda sana.

Asubuhi yake jaji alimgeukia. "Mzee wa baraza wa kwanza, una swali kwa shahidi?"

Hilaria alisimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Mheshimiwa Jaji, ninalo. Mwanangu mtaalamu, kwenye kola ulikuta jasho la watu wangapi?"

Edna alifungua karatasi zake. "La watu wasiopungua wanne, mama. Mmoja analingana na mshtakiwa."

"Hao wengine ni akina nani?"

"Sijui. Nililetewa sampuli za watu wawili tu, za marehemu na za mshtakiwa. Siwezi kumtambua mtu ambaye sampuli yake sikuletewa."

"Mtu akilivaa koti kwa dakika mbili, kwenye jua la Mkata, akalivua, jasho lake linaweza kubaki?"

"Linaweza kabisa."

"Sasa niambie, mwanangu. Mashine yenu inamjua aliyejaribu na aliyenunua?"

Mabenchi yalicheka, karani akapiga meza. Edna hakucheka. Alivua miwani, akamtazama Hilaria kwa heshima, akasema kwa sauti iliyofika mpaka dirishani, "Hapana, mama. Mashine inasema nani aligusa. Haisemi lini, wala kwa nini, wala kwa muda gani. Mtu yeyote akiwaambia vinginevyo, anawadanganya."

Nilimpenda yule binti pale pale. Angeweza kujikweza, na hakujikweza.

Hilaria hakuketi. Aliomba aonyeshwe koti. Likaletwa ndani ya mfuko wake, wakamvalisha glavu za daktari. Aliliinua, akapima bega kwa macho, halafu akaugeuza mkono ule usio na damu ndani nje.

"Mheshimiwa, mikono ya koti hili imepunguzwa, karibu shubiri nzima. Hii si kazi ya kiwandani, ni ya fundi wa kwetu. Limepunguzwa kwa ajili ya mtu mwenye mikono mifupi." Akamtazama Kaika kizimbani, kijana mrefu ambaye mikono yake ilimfika karibu na magoti. "Na uzi aliotumia ni wa zambarau."

Pale ndipo mabenchi yalipovuma. Uzi wa zambarau! Hakuna mtu wa mnadani asiyemjua Yordani, fundi wa Mkata, ambaye mwaka wa mauaji yale alipata katoni ya uzi wa zambarau kwa bei ya kutupa na akashonea kila kitu, hadi suti za harusi. Mimi mwenyewe nilikunja miguu chini ya benchi, kwa sababu pindo za suruali yangu zilikuwa kazi yake.

Jaji akataka utulivu. Wakili wa mshtakiwa, aliyekuwa amekaa siku zote kama mtu aliyepotelewa na funguo, aligeuka nyuma akatutazama, akaniona ninavyoficha miguu. Kwenye mapumziko alinifuata. Nilimwonyesha suruali yangu, nikamtajia jina, na hivyo ndivyo na mimi nilivyoingia kwenye kesi ile, ingawa hakuna aliyeiandika suruali kwenye hukumu.

Jaji aliagiza Yordani aitwe. Siku tatu baadaye alisimama pale, akala kiapo, akautambua uzi wake kwa fahari kubwa, kana kwamba amepewa tuzo. Alikumbuka koti: siku ya mnada vijana wanane wa kifugaji walilijaribu mbele ya charahani yake, mmoja baada ya mwingine, na wote wakaliacha. Jioni yake alikuja dalali mmoja wa mahindi, mtu mfupi, akalinunua na kumtaka alipunguze mikono.

"Kwa nini hukusema siku zote hizi?" jaji alimuuliza.

"Mheshimiwa, hakuna aliyeniuliza habari za koti. Waliuliza habari za damu."

Dalali yule alikuja kukamatwa, na hiyo ni kesi nyingine. Katika kesi yetu wazee wa baraza wote watatu walisema Kaika hana hatia, na jaji akakubaliana nao. Simaloi aliingia mahakamani kwa mara ya kwanza siku hiyo, akapiga zile kelele alizokuwa akiziogopa, na askari wakamwacha apige. Nililia. Hilaria alilia pia, akasema ni vumbi.

Mwezi mmoja baadaye waliingia sokoni wale vijana wanane, na urefu wao na fimbo zao, moja kwa moja hadi mezani kwa Hilaria. "Shikamoo, mama." "Marahaba, wanangu." Moreto, mkubwa wao, akachukua koti jeusi, akalivaa, wakamzunguka, akalivua, akampa wa pili. Mimi nilisubiri mwenye meza alipuke. Yeye alikuwa ameshika kioo kwa mikono miwili, akikiinua kwa warefu na kukishusha kwa wafupi.

Koti likafika kwa Kaika. Alirudi nyuma hatua moja, akaificha mikono ndani ya shuka.

"Mimi hapana, mama. Siingizi mkono kwenye koti tena."

Hilaria aliweka kioo chini. Alilichukua koti lile, akalivaa mwenyewe juu ya kitenge, likamfika kwenye vifundo vya miguu, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akaisugua kola kwenye shingo yake yenye jasho la mchana kutwa.

"Haya," alisema akilivua. "Mimi nimo humo ndani. Wakija kukukamata, watanikuta na mimi."

Kaika akatoa mkono mmoja kwenye shuka, akauingiza kwenye koti, kisha wa pili. Alijigeuza mbele na nyuma kwenye kioo, nasi tukampigia makofi, soko zima. Akauliza bei, akatajiwa, akacheka sana, akalivua na kulirudisha kwenye henga.

"Nitarudi, mama," alisema.

"Rudi, mwanangu," Hilaria alimjibu.