Nilivyozindua Choo cha Fundi Masanja

Fundi Masanja ana mikono ya baraka. Bafu letu bovu, kwenye ghorofa kuukuu hapa Kirumba, alilipangia vigae vilivyonyooka kuliko mwandiko wangu. Mama akaonya, "Choo asiguse mtu. Fundi yuko chini kwa Mzee Magesa, bomba bado hajaliunga."

Mzee alikubali dari yake ifunguliwe kwa sharti moja: lisidondoke hata tone.

Lakini choo cheupe namna ile kikose mzinduzi? Nikakaa kama chifu, nikamaliza, nikavuta maji. Yakashuka kwa mngurumo mtamu, ndipo nikamkumbuka fundi.

Sauti ya Mzee ikapanda kutoka chini. "Nani huyo?"

Adabu ikanitangulia. "Shikamoo, mzee."



"Marahaba. Telemka na taulo mbili, fundi naye amelowa."