Pua Iliyotumwa Shambani kwa Mama

Majuzi nilinunua zabibu sokoni Nkubu, nikazisahau jikoni ndani ya mkebe wa plastiki. Nilipoufungua, harufu ilinipiga usoni: siki, udongo mbichi, na nguo iliyoanikwa ndani ya nyumba. Watoto wangu wakakimbia wakiziba pua. Mimi nilibaki pale nimeinama, nimerudi utotoni kwetu karibu na Ishiara.

Mama alikuwa amepanda mizabibu kwenye waya, kando ya boma. Msimu mmoja mvua ilikuja zabibu zikikaribia kuiva, vishada vikaota ukungu wa kijivu, tukazika karibu vyote shimoni. Baba hakuwa mtu wa kelele. Alisema mara moja tu: "Mama Wanja, zikioza tena nang'oa. Hapo napanda muguka." Wanja ndiye mimi, na muguka ni yale majani ya kutafuna ambayo kila jirani yetu alikuwa nayo. Baba akishasema, amesema.

Lakini mama alikuwa ameona kitu. Katika uozo ule wote, kona moja ilipona: pale ambapo mbuzi wetu mkorofi alivunja ua, akasimama kwa miguu ya nyuma, akala majani yote yaliyozunguka vishada. Zabibu zenyewe zilikuwa bado chachu, hakuzitaka. Alichapwa sana siku hiyo, maskini, na kumbe alistahili shukrani. Kwenye kona yake upepo ulipita na umande ukakauka mapema. Kwingine majani yalibanana, maji yakakaa humo humo.

Basi msimu uliofuata, mawingu yakianza kujipanga upande wa mlimani, mama akachukua makasi. Alikata majani ya upande wa jua la asubuhi, akaacha ya juu yakinge jua kali la mchana, akapunguza na matawi yaliyosongana. Mimi nilibeba majani kwa kiondo nikiwapelekea mbuzi. Baba alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Unazivua nguo na mvua inakuja," akasema.

"Ndio zipate hewa, Baba Wanja."

"Haya. Maneno yangu unayajua."

Niliogopa, tena sana. Katika shamba lile lote, mizabibu ndiyo kitu pekee mama alichokiita chake. Nilivitazama vishada vikining'inia wazi, nikatamani kuyarudisha majani.

Mvua ikaja, na haikuwa na haraka ya kuondoka. Asubuhi mama aliniwekea gambuti, viatu vyangu vya mvua, mlangoni. "Wanja, kwa hii nyumba wewe ndiye mwenye pua. Enda unuse, uje uniambie." Kichwa kikavimba kwa majivuno. Nilipita waya kwa waya, pua karibu iguse zabibu. Nilinusa matope na mbuzi, basi. Niliporudi nilimkuta mama palepale nilipomwacha, chai ikifurika jikoni bila yeye kushtuka. "Hakuna," nikamwambia. Ikawa hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi niliogopa zaidi.

Kisha siku moja harufu ikanijia. Nilitafuta hadi nikakipata: kishada kimoja, kimejificha nyuma ya majani tuliyoyasahau, kimevaa ukungu. Nilipoinuka, baba alikuwa nyuma yangu. Nikajua mambo yamekwisha.

Alikitazama kile kishada. Akavitazama vingine, vikavu, vyeusi, vimejaa. Akatoa kisu, akakikata kile kilichooza, kisha akayang'oa yale majani kwa mkono wake, na mengine yaliyokuwa jirani yake. Habari ya muguka sikuisikia tena nyumbani.

Baada ya ule mkebe nilimpigia mama simu, nikamuuliza alipata wapi uhakika ule wote. Alicheka mpaka akakohoa.

"Uhakika gani, Wanja? Hata usingizi sikupata. Nilikuwa nakutuma wewe kwa sababu miguu yangu ilikataa kwenda."

Nami miaka yote hii nimekuwa nikijisifia pua.