Aliyekaa Benchi la Mlangoni

Kanisani watu wakisimama kushuhudia majaribu yao utasikia pombe, utasikia wanawake, utasikia mtu kavuka mpaka kwenda Oklahoma kucheza kamari mpaka karudi hana mafuta ya gari. Mimi huwa nawasikiliza tu. Pombe sijawahi kuipenda, na kamari naiona ujinga. Shetani ananijua vizuri kuliko hivyo. Mwaka 2019 aliniletea jaribu langu limevaa suti ya kijivu na kofia ya pama, limeketishwa kiti cha mbele katika ukumbi uliokodiwa kwa ibada ya Kiswahili huko Houston, upande wa Sharpstown, na watu wanapanga foleni kuliamkia shikamoo.

Nilikuwa nimeendesha kutoka Dallas kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wa rafiki yangu. Kuingia tu nikasikia harufu ya chai ya tangawizi, tangawizi mbichi ya kuponda, si ya unga. Ile harufu peke yake ilitosha kunirudisha kwetu. Halafu kabla sijakaa nikamwona. Zaidi ya miaka hamsini imepita, lakini masikio yale makubwa nisingeyasahau hata unifunge kitambaa machoni. Mwinjilisti. Mtu aliyenifundisha Baba Yetu, na mtu aliyemtenga bibi yangu.

Wewe rafiki yangu labda hukulelewa milimani kwetu Upare, basi ngoja nikupeleke. Asubuhi kule hujui kama kumekucha au bado, ukungu umelala mpaka mlangoni. Bibi ameshawasha moto, makande ya jana yanapashwa kwenye chungu, na mimi natakiwa nimeshakata majani ya ng'ombe kabla ya kuyaonja. Mama alikuwa amefariki, baba yuko chini kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo dunia yangu yote ilikuwa yule bibi na ng'ombe wake mmoja mkorofi. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake. Raba zake nyeupe alizibeba kwapani njia nzima, akifika mfereji wa karibu na kanisa ananawa miguu, anazivaa, anaingia kama mke wa chifu. Aliimba sauti ya pili. Kwaya ilikuwa inamfuata yeye, si yeye kuifuata kwaya.

Nikaanguka kwenye mparachichi, nikavunja mkono wa kulia. Hospitali ilikuwa mbali, na ng'ambo ya bonde kulikuwa na bibi mmoja fundi wa kuunga mifupa. Nilikuwepo mimi mwenyewe, mkono ni wangu, kwa hiyo nisikilize: hakukuwa na tunguri, hakukuwa na maneno ya ajabu. Kulikuwa na maji ya moto, samli, vibanzi vya mwanzi na kamba za mgomba. Bibi yangu alinishika kichwa akawa ananiimbia wimbo wa kanisani sikioni ili nisipige kelele. Nikapiga hivyo hivyo.

Jumapili iliyofuata Mwinjilisti alikuwa amesimama mlangoni akipokea watu. Akaona zile kamba. Akauliza nimefungwa na nani, bibi akamjibu bila kuficha, maana hakuwa na la kuficha. Mwinjilisti akatoa kisu cha mfukoni, akazikata zote pale pale mbele ya watu, akasema mtoto amefungwa uganga na uganga hauingii nyumbani mwa Bwana. Nililia mpaka nikajikojolea. Mkono ukaunga vibaya. Mpaka leo kiwiko hiki hakinyooki, na ni mkono huu huu nimebadilishia gia za malori huku Marekani miaka yote.

Mwisho wa ibada akatangaza kwamba bibi ametengwa. Kwa wewe usiye Mlutheri: mtu aliyetengwa haendi Meza ya Bwana, hasimamii ubatizo, akifa hapigiwi kengele wala kwaya haimwimbii. Anakaa nyuma. Akitaka kurudi kundini anasimama mbele ya usharika wote, anaulizwa kama ametenda dhambi ile, anasema ndiyo nimetenda, anapewa mkono, anaimbiwa, kwisha. Na kwetu watu walishazoea. Hata mtu ambaye hakutenda alikuwa anasema ndiyo nimetenda ili aimbiwe akapike chakula cha mchana. Wazee wa kanisa walimfuata bibi nyumbani wakamwambia, mama, sema tu ndiyo, ni neno moja. Akawajibu, "La kwangu nitatubu. La kupewa sitatubu."

Basi akahamia benchi la mwisho, la mlangoni, ambapo upepo wa bonde unakupiga mgongoni. Hakukosa Jumapili. Masika yale ya kwetu, mvua inakatisha njia, yeye na raba zake kwapani. Jirani yetu Msabato akamshawishi, wa kwake wangempokea kwa vigelegele, tena wangemkalisha mbele. Nami nilimwomba twende, maana watoto wenzangu walikuwa wananiita mtoto wa hirizi. Akasema, "Sikuja hapa kwa ajili yake huyo. Kwa nini niondoke kwa ajili yake?" Wenzake wakiinuka kwenda mezani, yeye anainamisha kichwa, anaimba. Nilimwona usiku akilia? Nilimwona. Asubuhi makande yalikuwa motoni kama kawaida.

Akafa hajarudishwa. Kengele haikulia. Mwinjilisti aliwakataza kwaya, kwa hiyo tuliimba wenyewe kwa sauti ya chini, majirani wachache, kama watu wanaoiba. Na kwa kuwa shule ilikuwa ya kanisa na mwalimu ndiye yeye, mimi nikaiacha darasa la nne, nikapanda juu ya lori la kabichi. Usinionee huruma. Kutoka utingo nikawa dereva, kutoka dereva nikafika Marekani, nikafeli mtihani wao wa udereva kwa sababu ya Kiingereza, nikarudi nikafeli tena, nikarudi. Leo wenye shahada wananiita bosi. Lakini kila barabara ndefu niliyowahi kuendesha, na kutoka Dallas kwenda El Paso kuna jangwa la kutosha, nilikuwa nakihutubia kioo cha mbele maneno nitakayomwambia yule mtu siku nikimpata.

Nikampata. Na zaidi ya kumpata, nikapewa kipaza sauti, maana mgeni kutoka mbali lazima asalimie usharika. Nilisimama. Mbele yangu yuko Mwinjilisti, binti yake muuguzi yuko pembeni, wajukuu wake wamevaa tai. Hotuba yote ilikuwa mdomoni, nimeifanyia mazoezi miaka. Nikasema Bwana Yesu asifiwe, wakaitikia. Halafu nikasema, "Mimi ni mjukuu wa bibi aliyekuwa anakaa benchi la mlangoni."

Watu wakapiga makofi, wakidhani ni salamu nzuri ya unyenyekevu. Yeye hakupiga. Nikarudisha kipaza sauti, nikakaa.

Wakati wa pilau aliniita kwa kidole, kama darasani. Na mimi, mzee mzima mwenye wajukuu, nikaenda.

"Kijana," akasema, "mkono ulipona?"

"Haukunyooka."

Akatikisa kichwa taratibu. "Yule mama wa ng'ambo hakuwa mganga."

"Unaniambia mimi?"

"Nilijua. Wiki ile ile niliulizia, nikajua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu aliyekosea. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu aliyejua. Akanieleza kwa sauti ndogo kwamba mkuu wa jimbo la kanisa alikuwa anakuja kutukagua, na kwenye ziara kama zile makanisa ya mitaa mingine yalikuwa yanaonyesha watu wanaorudi kundini, waliotubu, watu wanalia, kazi inaonekana. Yeye hakuwa na hata mmoja. Alidhani bibi angefanya kama wote, asimame, aseme ndiyo, aimbiwe.

"Bibi yako alikuwa mgumu sana," akasema.

"Hakuwa mgumu. Alikuwa mkweli. Simama sasa hivi uwaambie hawa watu."

Akamtazama binti yake, aliyekuwa anagawa kachumbari. "Wanangu wako hapa."

"Na mimi nilikuwepo," nikamwambia.

Kipaza sauti kilikuwa juu ya spika, hatua chache tu. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na ukweli, na nilikuwa na mdhambi aliyekiri mwenyewe. Usifikiri ni huruma iliyonizuia. Kilichonizuia ni kwamba nilimwona jinsi angefanya: angesimama, angesema ndiyo, wangemzunguka wangemwimbia, binti angelia, na ingekwisha kabla chai haijapoa. Toba ile ile ya kushikwa mkono aliyotaka kwa bibi, mimi nimpe yeye kama zawadi? Na tena nimkate kamba mbele ya watu, kama yeye?

"Sitakusema," nikamwambia. "Utasema mwenyewe siku ukitaka. Mimi nitakuwa nakaa mlangoni."

Tangu hapo kila mwezi nilikuwa nashuka Houston. Mke wangu akaniuliza, "Baba nanihii, unakwenda kuabudu au unakwenda kulinda mfungwa?" Nikamwambia vyote viwili. Nilichukua kiti cha plastiki nikakiweka kando ya mlango. Mwinjilisti akifika na fimbo yake, hana njia nyingine. Nasimama, nampa mkono, nasema shikamoo. Anasema marahaba, na kiganja chake kimelowa. Akiombwa kusoma neno, anasoma akiangalia dari. Hapo ndipo nilipomwelewa bibi. Siku zote nilidhani amekaa pale ameshindwa. Kumbe yule mwanamke alikuwa amemweka Mwinjilisti mahali pake, kila Jumapili, bila kumgusa.

Ila kuna tofauti kati yetu, na sitaificha. Bibi alikatazwa kwenda mezani. Mimi nilijikataza. Wenzangu wakiinuka kwenda kupokea, mimi nabaki. Mkono unaoshika kisasi hauwezi kupokea ule mkate, hilo nalijua bila darasa la tano. Nikaomba sala mbaya mbaya pale kwenye kiti cha plastiki. Nilimwomba Mungu ampige. Nikamwomba anisaidie nisimwombe hivyo. Halafu nikarudia la kwanza. Mwezi baada ya mwezi nilikuwa naendesha kurudi Dallas nina njaa ya kile kikombe kama mtu aliyefunga, na nilijua ufunguo ninao mwenyewe mfukoni na sitaki kuutoa.

Halafu ikaja 2020, ugonjwa ukafunga kumbi zote. Ibada ikawa kwenye simu na kompyuta, kila mtu kichwa kidogo ndani ya kisanduku. Hakuna mlango tena wa kukaa. Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa ananiwashia, na nikiwa jikoni kwangu nilikuwa namwona Mwinjilisti yuko jikoni kwao, kofia kichwani, anatazama kompyuta kama mtu anayechungulia kisimani.

Jumapili moja mchungaji akamwomba aongoze sala. Akavua kofia. Akaanza kusema, na midomo ikawa inakwenda, lakini hakuna sauti. Watu wakaanza, mzee, fungua maiki. Babu, hatukusikii. Watoto wakawa wanacheka na kusemezana kwa Kiingereza chao. Yeye masikio yameshachoka, hakusikia hata mmoja. Akaendelea. Akasema kwa muda mrefu kuliko sala yoyote. Machozi yakamshuka. Halafu akainua mkono wa kushoto akashika kiwiko chake cha kulia, akakibana, akaendelea kusema huku amekishika. Watoto wakanyamaza. Binti yake akatokea na sare zake za kazi, akabonyeza, na sote tukasikia neno moja tu: amina.

Mchungaji akamshukuru mzee kwa sala nzuri, akatangaza wimbo.

Nilimpigia simu siku ile ile. Nikamwambia hakusikika.

"Binti ameniambia," akasema. Alikuwa anahema.

"Basi utarudia Jumapili ijayo."

Nikasikia akivuta kiti, akakaa. "Kijana, nguvu nilizokuwa nazo zote nilizitumia pale."

Nilimwamini. Niliudhika kwa kumwamini. Miaka yote ile nakihutubia kioo, na siku mtu anasema, hakuna sikio lililosikia. Ningeweza kumlazimisha. Alikuwa mzee wa kulazimishika, na binti yake sasa angeuliza, na mimi ningejibu. Nilisimama pale jikoni nimeshika simu na kiwiko kinauma kama siku ya baridi.

"Pumzika, Mwinjilisti," nikamwambia.

Maneno mawili. Nimeinua matairi ya trela kwa mikono hii, hayakuwa mazito hivyo.

Ibada ya Meza iliyofuata tuliambiwa kila nyumba iandae mkate wake na maji ya zabibu. Nikatandika kitambaa, mke wangu akaleta kikombe. Mkate ulikuwa wa dukani, mtamu kama keki, mikate ya huku haina adabu. Nikaula. Nikanywa. Yeye kwenye kisanduku chake alikula pia. Alifariki kabla kumbi hazijafunguliwa, na mimi nilipeleka rambirambi kama watu wengine.

Siku hizi nafikiria hata kama maiki ingekuwa wazi, nani Houston angejua bibi ni nani? Wale waliopaswa kusikia, waliosimama mlangoni wakitazama siku kamba zinakatwa, wamekwisha. Fundi wa mifupa amekufa na ufundi wake. Kanisa lile limebomolewa wamejenga jingine la vigae, na nasikia kengele sasa ni ya kanda, inapigwa na umeme. Tulibaki watu wawili tu duniani tuliokuwepo, sasa nimebaki mimi. Nimemwachia, na simdai tena kitu mbele za Mungu. Lakini nisikudanganye, rafiki yangu. Ningependa wangesikia.